Zege halilali, sawa. Lakini daraja la barabara kuu kubadilishwa wikiendi moja? Nina dau la sato hapa

#1 NgoshaWaIgoma
Wakuu, mwangaluka.

Juzi niko kwa kinyozi hapa Mwanza, pale Mlango Mmoja, kwenye simu yake ikapita video ya Wachina wanang'oa daraja la barabara kubwa Beijing na kuweka jipya. Saa 43. Siyo siku, saa. Ijumaa usiku wanafunga, Jumapili jioni magari yanapita juu ya daraja lingine. Shemeji yangu alikuwa anasubiri zamu yake, akacheka mpaka akakohoa, akasema hizo picha zimetengenezwa na kompyuta. Tukawekeana kilo mbili za sato.

Kinachoniuma ni hiki. Kuna kidaraja kwenye njia yangu ya kila siku (sitaji wapi wala nani anajenga, nisije nikaitwa). Hakizidi urefu wa mabasi mawili. Huu ni mwezi wa 14 tunapita mchepuko. Kiangazi tunakula vumbi, masika tunashuka kusukuma haisi na viatu mkononi.

Wataalamu, inawezekana kweli? Na kama inawezekana, sisi tunakwama wapi? Nimevuta kiti, nasubiri nondo.

#2 Sato Mkavu
Kilo mbili za sato kwa bei ya leo? Nyie mna hela. Nipo hapa hadi mwisho.

#3 fundi_wa_shata
Nimefunga shata (zile fomu za mbao za kumwagia zege) na kusuka nondo miaka 19, kuanzia vikalavati vya Geita hadi madaraja makubwa. Nakwambia haiwezekani. Zege halilali ukishalichanganya, lakini likishamwagwa linalala kweli kweli. Injinia anakuja na vile vitofali vyake vya sampuli za zege, vingine vinapondwa siku ya 7, vingine siku ya 28. Ukitoa shata mapema unazika watu. Shemeji ale sato wake kwa amani.

#4 Injinia Mstaafu
Fundi, hujakosea kuhusu zege, umekosea kuhusu mahali linapolala. Liliivia kwingine.

Hilo la Beijing linaitwa Sanyuan, ni Novemba 2015, na ni kweli. Kipande kilichoingizwa kina tani 1,300 hivi. Kilijengwa pembeni kwa raha zao, magari yanapita kama kawaida, kikaiva. Saa 43 ni za kung'oa cha zamani, kuingiza kipya na kuweka lami. Nguzo za chini ni zile zile za zamani. Kilichobadilishwa ni mgongo, miguu haikuguswa.

Njia za kufanya hivyo ziko kadhaa. Kuna matrela mapana yenye tairi nyingi yanayojiendesha yenyewe, kila ekseli inapanda na kushuka kwa jeki ili mzigo ukae sawa kama karai la maji kichwani. Jimbo la Utah kule Marekani walilipenda sana hilo. Mwaka 2007 walibeba moja Salt Lake City, mwaka 2011 wakabeba la urefu wa mita 108 hivi, tani 1,700, likavuka juu ya barabara kuu usiku mmoja watu wakiwa wameleta viti kuangalia.

Ya pili ni kuliteleza kwa ubavu. Unajenga daraja jipya sambamba na la zamani juu ya nguzo za muda, unabomoa la zamani, kisha jeki zinalisukuma jipya hadi mahali pake. Linateleza juu ya chuma kisichoshika kutu na vipande vya tefloni, ile plastiki ya utelezi ya kwenye vikaango. Na wengi hupaka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Sitanii.

Ya tatu ni kuleta vipande vilivyokwisha kumwagwa kiwandani, bimu pamoja na slabu yake, unapanga kwa winchi, unaunga maungio kwa zege linaloshika baada ya saa chache.

#5 NgoshaWaIgoma
Shemeji umesoma #4? Soko la samaki linafunguliwa asubuhi.

#6 Sato Mkavu
Sabuni ya vyombo! Mke wangu akijua daraja la tani elfu linateleza kwa kile kichupa, mimi sitapumzika tena kuosha sufuria.

#7 Mkorofi wa Kirumba
Kusukuma daraja ni kazi yetu, jina la kabila linajieleza. Nashangaa tulivyowaachia Wamarekani.

#8 Mwl. Bujora
Mkorofi, "sukuma" kwa Kisukuma ni kaskazini. Wasukuma ni watu wa kaskazini, wala si watu wa kusukuma vitu. Endeleeni.

#9 BintiBuhongwa
Mbona hilo la Beijing dogo. Marekani kuna sehemu walibadilisha madaraja 14 wikiendi moja. Nilisoma mahali.

#10 Injinia Mstaafu
Binti, umekaribia. Ni Medford, karibu na Boston, barabara ya I-93, kiangazi cha 2011. Madaraja 14 kweli, lakini kwa wikiendi 10, siyo moja. Walikuwa wanafunga upande mmoja Ijumaa usiku, wanafungua Jumatatu alfajiri, saa 55. Katika hizo saa wanavunja la zamani na kupanga vipande vya jipya. Kwa njia ya kawaida ile kazi walikuwa wameihesabia miaka. Na hata pale, miguu ilibaki ya zamani.

#11 fundi_wa_shata
Aaah. Sasa tunaelewana. Kwa hiyo mnabadilisha shati mnasema mmezaa mtoto mpya. Mimi kazi inayonila muda ni chini: kuchimba, kupampu maji, kugonga paili (nguzo zinazozamishwa ardhini), kitako. Ukishafika juu hata mimi na vijana wangu tunakimbia.

#12 Kijana wa Sengerema
Fundi kasema kitu. Angalieni Daraja la JPM hapa Kigongo–Busisi, linalovuka Ziwa Victoria. Lilianza 2020, Rais Samia akalizindua tarehe 19 Juni 2025. Kilomita 3.2. Vipande vingi vya juu vilimwagwa nchi kavu vikabebwa vikapangwa, tulikuwa tunaviona toka kwenye kivuko kila siku. Na bado ilichukua miaka mitano, kwa sababu miguu iko majini. Hakuna wikiendi ya kuzamisha paili ndani ya ghuba.

Nakumbuka kusubiri MV Misungwi na mgonjwa kwenye gari, kivuko kiko ng'ambo, unakitazama tu. Sasa hivi dakika nne umevuka. Mimi ile miaka mitano siidai.

#13 Mkorofi wa Kirumba
Kilomita 3, acha kuongeza. 3.2 ilikuwa ikitajwa mwanzoni.

#14 Kijana wa Sengerema
Ukijumlisha na barabara za maingilio inazidi hata hiyo. Njoo na futi kamba.

#15 Dereva wa Semi
Naingia. Mimi napiga Mwanza–Dar, na mara nyingine Sirari. Sababu ya kwetu kutofanya haraka ni moja tu, nafasi. Huku tuna ardhi. Daraja likizeeka tunajenga jipya pembeni, la zamani linaendelea kubeba. Mto Wami wamefanya hivyo hivyo, jipya mita 513.5 liko jirani na lile jembamba la mkoloni. Simiyu pale Magu, hivyo hivyo. Sasa kwa nini ununue trela la mabilioni ulitelezeshe usiku wakati unaweza kupinda barabara kidogo? Hao wa Boston wana majumba kulia na kushoto.

#16 BintiBuhongwa
Nafasi iko Magu. Haya nipindishie barabara ya Kenyatta pale Mkuyuni. Kulia mwamba, kushoto nyumba, mbele yako daladala zimepangana hadi Butimba. Ukifunga njia moja tu pale, mimi wa Buhongwa natoka nyumbani saa 10 usiku. Katikati ya mji hoja yako inakufa, kaka.

#17 Dereva wa Semi
Mkuyuni nakuachia.

#18 Mpima Kazi
Habari wadau. Mimi ni mkadiriaji majenzi, niwape upande wa karatasi, kwa sababu naona wote mnaongelea vyuma.

Mkandarasi wetu analipwa kwa vipimo. Meta za ujazo za zege, tani za nondo, meta za mraba za lami. Hakuna mstari kwenye mkataba unaosema foleni ya Ngosha ina thamani gani. Kwa hiyo akichelewa siku 10 au akiwahi siku 10, kwake karibu ni mamoja. Sawa, kuna faini ya ucheleweshaji, lakini mvua ikinyesha anaomba nyongeza ya muda na anapewa.

Linganisha na hii. Aprili 2007 lori la petroli liliwaka pale Oakland, California, kwenye makutano wanayoyaita MacArthur Maze, moto ukalegeza vyuma hadi kipande cha barabara ya juu kikalala juu ya barabara ya chini. Serikali ikatangaza zabuni ikasema: ukiwahi tarehe tuliyoweka, kila siku unayowahi ni dola 200,000, kikomo dola milioni 5. Mkandarasi mmoja akaingia kwa bei ya chini kabisa, kama dola 867,000, watu wakamshangaa. Barabara ilifunguliwa siku 26 tangu moto, akaondoka na milioni 5 zote. Hesabu yake ilikuwa kwenye bonasi toka mwanzo.

Pale hakukuwa na teknolojia ngeni sana. Ni bimu za chuma na watu wa zamu tatu. Kilichokuwa kipya ni mkataba.

#19 fundi_wa_shata
Bonasi ya dola 200,000 kwa siku hata mimi nalaza kichwa kwenye zege hadi liive.

#20 Sato Mkavu
Mkuu Mpima Kazi, na huku anayechelewesha malipo ya mkandarasi anapigwa faini gani? Maana nimeona saiti zinalala miezi, walinzi wanapanda mchicha ndani ya uzio.

#21 Mpima Kazi
Mkataba unampa haki ya kudai riba. Kuidai ndiyo kazi. Hapo nimeishia, nina familia.

#22 Mzee wa Kyaka
Vijana, mnaongea kama kujenga daraja haraka kulizaliwa Marekani. Mimi ni wa Missenyi. Novemba 1978 majeshi ya Amin yalilivunja daraja la Mto Kagera pale Kyaka. Ndege zao zililipiga mabomu. Wanajeshi wetu hawakusubiri siku 28 za zege. Waliweka daraja la dharura, wakavuka na vifaru. Mengine mnayajua.

#23 Mwl. Bujora
Shikamoo mzee. Nyongeza ndogo kwa heshima: ndege zilijaribu zikashindwa kulivunja. Baadaye wakaleta mtaalamu wa baruti kutoka migodi ya Kilembe, akalitega, ndipo likaenda.

#24 Mzee wa Kyaka
Marahaba. Mimi mlio niliousikia sikuuliza ni wa ndege au wa mtaalamu. Nilikuwa nakimbia na mbuzi.

#25 Injinia Mstaafu
Mzee ameleta nondo ya maana. Madaraja ya vipande ya kijeshi ndiyo babu wa haya yote. Mwingereza Donald Bailey aliyabuni wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kipande kimoja ni futi 10 kwa 5, wanaume sita wanakibeba bila winchi, unaunganisha kwa pini. Unalijengea ukingoni, unalisukuma mbele hadi linagusa ng'ambo. Hadi leo, mvua ikikata barabara, wahandisi wetu wanakimbilia jamaa zake hao. Kiyegeya kule Gairo Machi 2020, barabara ya Dodoma ilikatika, magari yakapita tena baada ya siku chache. Somanga kwenye njia ya Lindi mwaka 2024, vilevile ilikuwa mbio za dharura.

Kwa hiyo haraka tunaijua. Tunaitumia kukiwa na msiba tu.

#26 Dereva wa Semi
Injinia, yale ya chuma ya dharura mimi siyapendi. Ukipita na tani 56 yanapiga kelele kama kabati la vyombo, na mnapita mmoja mmoja. Halafu ya "muda" yanakaa hadi mtoto anaanza shule.

Ila niwape ya madereva wenzangu. Mei 2013 jimbo la Washington, lori lenye mzigo mrefu kwenda juu liligonga vyuma vya daraja la Skagit, barabara ya I-5, kipande kikadondoka mtoni na magari. Hakufa mtu. Chini ya mwezi mmoja wakawa wameweka cha muda kama hicho cha Bailey, huku cha kudumu kinajengwa pembeni yake. Septemba wakafunga barabara chini ya siku moja, wakatoa cha muda, wakatelezesha cha kudumu. Hiyo ndiyo nidhamu, ya muda iwe ya muda.

#27 Mkorofi wa Kirumba
Mnasifia tu. Hakuna anayetaja Miami? Machi 2018, daraja la waenda kwa miguu la chuo kimoja, lilijengwa pembeni, likabebwa Jumamosi asubuhi likawekwa juu ya barabara ya njia nane, tani 950, watu wakapiga makofi. Siku tano baadaye likaanguka juu ya magari. Watu sita walikufa. Hizo ndizo haraka zenu. Mimi daraja letu la miguu la Furahisha napita nikiwa na uhakika kwamba lilichukua muda wake.

#28 Injinia Mstaafu
Mkorofi, tukio ni kweli, sababu siyo hiyo. Uchunguzi ulikuta makosa ya hesabu kwenye usanifu, pale nguzo ya mshazari inapokutana na sakafu. Nyufa zilionekana siku kadhaa kabla, kubwa kabisa, wakakutana asubuhi ile ile kuzijadili, na hakuna aliyefunga barabara. Lingemwagwa pale pale taratibu kwa hesabu zile zile, lingeanguka vilevile.

#29 Mkorofi wa Kirumba
Labda. Au labda mradi ukishatangazwa kuwa wa haraka, hakuna anayethubutu kusema tusimame. Hilo halimo kwenye hesabu.

#30 Injinia Mstaafu
Hilo siwezi kukubishia.

#31 Ochi wa Budalangi
Salamu kutoka ng'ambo, upande wa Kenya. Sisi tuna Sigiri, Mto Nzoia. Juni 2017 Rais alikuja kulikagua, wiki kama mbili baadaye likaporomoka kabla halijamalizwa. Mwezi wa uchaguzi ulikuwa Agosti, jaza mwenyewe. Mimi nasema haraka ya siasa ndiyo hatari, siyo ya mashine.

#32 fundi_wa_shata
Ochi, hilo lilimwagwa pale pale kwa shata na nguzo za kushikilia, kazi yangu hiyo. Kwa hiyo ni ushahidi wa nani sasa? Wa Mkorofi au wa Injinia?

#33 Ochi wa Budalangi
Wa yule aliyepanda mashua siku hiyo, bana. Mimi.

#34 BintiBuhongwa
Kuna lile la Philadelphia. Juni 2023 lori la mafuta liliwaka chini ya I-95, daraja likaanguka, siku 12 magari yanapita. Hakuna winchi kubwa, hakuna tefloni. Hilo lingewezekana hata hapa.

#35 Injinia Mstaafu
Wezekana kabisa, kwa sababu walichofanya siku zile 12 siyo daraja. Walijaza shimo. Walimwaga changarawe nyepesi ya chupa zilizosagwa, wakashindilia, wakaweka lami juu, njia sita. Daraja lenyewe likajengwa baadaye pembeni ya lile tuta. Pale chini ilikuwa barabara ndogo, wakakubali kuifunga. Ukijaza tuta Mto Simiyu wakati wa masika, asubuhi utalikuta ziwani na dagaa.

#36 Sato Mkavu
Chupa zilizosagwa! Mwanza kwa bia tunayokunywa tungefika Ukerewe kwa miguu.

#37 Mpima Kazi
Nirudi kwenye swali la mleta mada, maana tumefika Budalangi. Kidaraja chake cha mabasi mawili ndicho hasa kinachofaa kwa vipande vya kiwandani. Kalavati boksi zinamwagwa kwenye yadi, zinaletwa, winchi ya kawaida inapanga. Shida ni kwamba ukimwaga yadi unahitaji madaraja 20 ya kipimo kimoja ili gharama ishuke. Sisi kila daraja lina mkataba wake, msanifu wake, kipimo chake. Huyu mita 9, yule mita 9 na nusu. Hakuna kiwanda kitakachonunua fomu za chuma kwa ajili ya mita 9 na nusu moja.

#38 Dereva wa Semi
Na maungio je? Vipande vingi, maungio mengi. Huko Ulaya na Marekani chumvi ya theluji ndiyo inakula maungio. Huku hatuna theluji, tuna malori yaliyokwepa mizani. Mimi nimekaa kwenye usukani, najua ni ungio lipi linalia "ta-tak" mwaka huu na mwaka jana halikulia.

#39 fundi_wa_shata
Na vijana wangu wanaenda wapi? Saiti ya kawaida ina watu 60, na mama ntilie watatu. Hiyo ya matrela ina watu wanane na kompyuta. Mtuambie na hilo.

#40 NgoshaWaIgoma
Wabeja sana wakuu, nimesoma yote. Kwa kifupi changu: Injinia anasema inawezekana, Fundi anasema miguu haihesabiki, Mpima Kazi anasema ni mkataba, Dereva anasema ni ardhi, Mkorofi anasema tutakufa. Na mimi kesho saa 12 niko mchepukoni. Lakini dau nimeshinda, video ni ya kweli.

#41 Shemeji Halisi
Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Dau lilikuwa "kubadilisha daraja". Injinia mwenyewe kwenye #4 kasema miguu ni ya zamani. Kubadilisha mgongo ni nusu ya daraja. Nalipa kilo moja, na ni ya sangara.

#42 NgoshaWaIgoma
Sangara haikutajwa popote!

#43 Injinia Mstaafu
Msinihusishe. Ingawa kusema kweli, kwa gharama, miguu mara nyingine inazidi hata nusu.

#44 Mama Kirumba Sokoni
Sato wa leo wa kilo moja moja ninao, wa Kome, sijawalaza kwenye barafu. Mkishapatana mje, ila nusu daraja sijui naipimaje kwenye mizani yangu.

#45 Kinyozi wa Mlango Mmoja
Video nimeiona tena, kuna mahali saa inaonekana ukutani. Na Shemeji Halisi, siku ile ulicheka ukaondoka bila kulipa. Elfu tatu yangu.